KUJIFUNZA KUCHUKUA MIZIGO YA WENGINE
Somo kwa walimu, wazee wa kanisa, na vijana watakao kusomea kazi ya ushauri

Soma kwanza: Kutoka 18:13–24, Ayubu 2:11–13, Wagalatia 6:1–5, Yakobo 1:19.



Katika sharika zetu wako vijana waliokwisha kupata shahada ya kwanza, nao huwajia wachungaji na wazee wakisema ya kwamba wanataka kusomea ushauri nasaha. Wengine wameandikiwa na ndugu zao walioko Marekani, wakaelezwa ya kuwa huko kazi hii ina shule zake, mitihani yake na sheria zake. Wengine wanakaa huko tayari, nao hukusanyika siku ya Bwana kuimba na kuomba kwa Kiswahili. Wote hutuomba jambo moja: barua ya ushuhuda. Basi, mwalimu asiyejua kazi hii ni nini, ataandikaje barua ya kweli? Na kijana asiyejua atakayoulizwa, atajitayarishaje?

Kwa hiyo twaona vema kueleza kwa taratibu jinsi mtu aombavyo nafasi katika shule hizo, na jinsi masomo yaanzavyo. Tutaeleza habari za Marekani, kwa kuwa huko utaratibu huu umekomaa, na ndiko wengi wanakouliza habari zake. Nasi tutalishika neno moja tangu mwanzo hata mwisho: mtu atakaye kuingia katika siri za mioyo ya wengine, sharti kwanza akubali kuchunguzwa yeye mwenyewe. Ndivyo afundishavyo Mtume Paulo katika Wagalatia 6. Kabla hajatuagiza kuchukuliana mizigo, anamwonya yule amwinuaye mwenzake aliyeanguka ajiangalie nafsi yake.

1. Kazi hii ni nini, nayo ilianzaje

Kazi ya ushauri haikuanza kwa wagonjwa, bali kwa vijana waliotafuta kazi. Mwaka 1908, katika mji wa Boston, Frank Parsons alianzisha ofisi ya kuwasaidia vijana kuchagua kazi iliyowafaa. Aliona ya kwamba wengi waliingia katika kazi yo yote iliyokuwa karibu, pasipo kujijua wenyewe wala kuijua kazi.

Baadaye kanisa nalo likatia mkono. Anton Boisen alikuwa mtumishi wa Neno ambaye yeye mwenyewe aliugua akili, akalazwa hospitalini. Alipopata nafuu aliona upungufu mkubwa: wanafunzi wa theolojia walisoma vitabu vingi, walakini hawakujifunza kuketi karibu na mtu aliyepondeka na kumsikiliza. Mwaka 1925 akawachukua wanafunzi wachache, akawaweka katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Worcester, katika jimbo la Massachusetts, wakae na wagonjwa na kujifunza kwao. Toka hapo yalitokea mafundisho ya uchungaji wa hospitalini, ambayo leo yameenea katika nchi nyingi.

Kisha akaja Carl Rogers, aliyesoma theolojia miaka miwili katika mji wa New York kabla ya kuhamia elimu ya nafsi. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1942 alifundisha ya kwamba mshauri asikimbilie kutoa amri wala kukemea, bali amsikilize mtu kwa heshima mpaka huyo mtu aione njia yake mwenyewe. Wengi wa washauri wa leo, hata wasiomfuata katika yote, wamejifunza kusikiliza kwake.

Mwishowe serikali zikaweka sheria. Jimbo la kwanza la Marekani kuwapa washauri leseni lilikuwa Virginia, mwaka 1976. Majimbo mengine yakafuata moja moja, hata California ikapitisha sheria yake mwaka 2009, na kwa hiyo majimbo yote 50 yakawa na sheria. Huku kwetu Afrika ya Mashariki, Kenya nayo ilipitisha sheria ya washauri na wanasaikolojia mwaka 2014. Yafaa tujue basi ya kwamba katika Marekani mtu hawezi kujiita mshauri mwenye leseni kwa sababu tu ana huruma na maneno mazuri.

Tena tusichanganye kazi tatu. Daktari wa akili hutibu ugonjwa, naye anaweza kutoa dawa. Mshauri hatoi dawa. Hutumia mazungumzo yenye utaratibu, akimsaidia mtu katika huzuni, hofu, ulevi, ugomvi wa nyumbani, au kufiwa. Mchungaji huhubiri Neno, hutoa Sakramenti, na husikia maungamo. Kila mmoja ana lango lake, na mwenye hekima humwelekeza mtu kwenye lango limfaalo.

2. Jinsi mtu aombavyo nafasi

Masomo haya ni ya shahada ya pili, maana yake mtu huyaanza akiwa amemaliza shahada ya kwanza. Shule nyingi hazimlazimishi awe amesoma elimu ya nafsi. Mwalimu, muuguzi, au aliyesoma theolojia aweza kukubaliwa. Lakini baadhi hutaka awe amepata walau somo moja au mawili ya elimu ya nafsi, au hesabu za takwimu.

Jambo la kwanza la kuuliza ni kama shule imekaguliwa. Liko baraza liitwalo CACREP, lililoundwa mwaka 1981, ambalo kazi yake ni kukagua mafundisho ya ushauri. Mtu aliyesoma katika shule isiyokaguliwa aweza kumaliza miaka yake na fedha zake, kisha akaona njia ya leseni ni ngumu. Jambo la pili ni kuuliza sheria ya jimbo atakalofanya kazi, kwa kuwa sheria za majimbo si sawa.

Kisha mwombaji hukusanya hati zake: karatasi za alama za chuo, barua mbili au tatu za ushuhuda, na insha ya kueleza kwa nini anataka kazi hii. Aliyesoma nje ya Marekani mara nyingi hutakiwa karatasi zake zipimwe, zilinganishwe na kipimo cha huko, na pengine afanye mtihani wa Kiingereza. Wengi huitwa kuhojiwa, wakati mwingine pamoja na waombaji wenzao, ili walimu waone jinsi kila mmoja anavyosikiliza mwenzake anaposema. Tena mara nyingi huulizwa habari ya makosa ya jinai. Masomo mengi huanza mwezi wa Agosti au Septemba, na shule nyingi hufunga mlango wa maombi kati ya Desemba na Februari. Asiyejitayarisha mapema amechelewa.

Neno la fedha twalisema wazi, maana limewaumiza wengi. Mwanafunzi mgeni asiye raia wala mkaaji wa kudumu hapati mkopo wa masomo wa serikali ya Marekani. Kabla ya kupewa hati ya shule ya kuombea viza, sharti aonyeshe fedha zitakazomtosha. Na kwa kawaida haruhusiwi kufanya kazi apendavyo akiwa huko. Tena amri za kuingia nchi ile hubadilika mara kwa mara. Kwa hiyo jamaa wasiuze shamba wala ng'ombe kwa kusikia habari za njiani. Waulize kwanza ubalozini, na kwa shule yenyewe, wakapate jibu lililoandikwa.

3. Insha ya mwombaji, na barua ya mchungaji

Hapa ndipo kuchunguzwa kunapoanza. Katika insha wengi huandika ya kwamba wameteseka, na kwa hiyo wanajua kuwasaidia wanaoteseka. Si neno baya. Boisen naye aliteseka, na mateso yake yalizaa matunda. Lakini kidonda kilichopona na kidonda kibichi si kitu kimoja. Mwenye kidonda kibichi husikia habari za mwenziwe, naye mara huanza kuzililia za kwake. Aliyekuja kupata msaada hurudi amebeba mizigo miwili. Basi, mwombaji ajiulize kwa unyofu: Je! kilio changu nimekwisha kumwambia mtu? Nimekwisha kusaidiwa? Au nataka shule iniponye, na wenye shida wawe dawa yangu? Ikiwa bado, na atafute msaada kwanza. Kungoja mwaka mmoja si aibu.

Sasa twasema na sisi tunaoandika barua za ushuhuda. Desturi yetu ni kumsifu kijana kwa kila sifa: mcha Mungu, mpole, hodari, mwimbaji mzuri wa kwaya. Walimu wa shule hizo hawatafuti hayo tu. Wanataka kujua mambo haya: Je! huyu hutunza siri? Akionywa, hukubali au hununa? Huwatendeaje watu wa kabila nyingine na wa dini nyingine? Akiwa na mamlaka kidogo, huyatumiaje? Amewahi kukaa na mgonjwa au mfiwa mpaka mwisho, au huja siku ya kwanza tu watu wakiona? Tuyaandike tuliyoyaona kwa macho yetu, pamoja na mfano mmoja au miwili. Tusilolijua tuliache.

Ndugu, tukumbuke Amri ya Nane. Twaifundisha katika Katekisimo kila mwaka, tukifikiri habari ya ushuhuda wa uongo unaomchafua jirani. Lakini ushuhuda mtamu usio wa kweli nao ni uongo. Na atakayeumizwa nao ni nani? Si shule. Ni mjane atakayeketi mbele ya mtu asiyejua kunyamaza. Ni binti atakayemfunulia aibu yake mtu asiyejua kujizuia. Kama kijana hafai kwa kazi hii, upendo ni kumwambia yeye mwenyewe kwa upole, faraghani, na kumwonyesha kazi nyingine imfaayo, kabla hajatumia fedha za jamaa zake. Kumnyima barua kwaweza kuvunja urafiki kwa muda. Lakini kumpa barua ya uongo kwaweza kuvunja maisha ya watu tusiowajua.

4. Masomo yaanzapo

Mwanafunzi akikubaliwa, hukuta kazi nyingi. Kwa kipimo cha baraza tulilolitaja, masomo ni saa 60 kwa hesabu ya vyuo vya huko. Maana yake ni hivi: somo linalofundishwa saa tatu kila juma kwa muhula mmoja huhesabiwa saa tatu, basi ni kama masomo 20. Wengi huyamaliza kwa miaka miwili au mitatu, na wale wanaofanya kazi huku wakisoma huchukua zaidi.

Mambo yanayofundishwa ni ya namna nane: miiko na maadili ya kazi, tofauti za watu na desturi zao, kukua kwa mwanadamu tangu utoto hata uzee, habari za kazi na riziki, namna ya kumsaidia mtu mmoja mmoja, namna ya kuongoza kikundi, namna ya kupima hali ya mtu, na namna ya kuchunguza kama msaada unafaa kweli. Mwanafunzi aliyezoea kukariri huona ya kwamba kukariri hakutoshi hapa.

Jambo linalowashtusha wengi ni hili. Katika muhula wa kwanza au wa pili wanafunzi huketi wawili wawili, mmoja akiwa mshauri na mwingine akieleza shida yake, na mazungumzo hayo hupigwa picha pamoja na sauti. Kisha mwalimu na wenzake huyatazama tena. Hapo mwanafunzi hujiona alivyomkata mwenziwe maneno, alivyotoa shauri kabla ya kusikia habari yote, alivyotazama saa yake. Kumbuka Mithali 18:13, inayomkemea ajibuye kabla hajasikia. Wengi wetu tumeisoma mara nyingi, lakini hatujapata kujiona tukiivunja.

Baada ya hayo huja mazoezi kwa watu wenye shida za kweli. Mazoezi ya kwanza hayapungui saa 100, na katika hizo saa 40 ni za kukutana na watu uso kwa uso. Mazoezi ya pili, yaliyo makubwa, hayapungui saa 600, na katika hizo 240 ni za kukutana na watu. Wakati huo wote mwanafunzi ana msimamizi. Kila juma, kwa kadiri ya saa moja, huketi naye na kumweleza aliyoyasikia, aliyoyatenda, na yaliyompata moyoni mwake. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Hata mshauri hodari hawezi kuona kisogo chake.

Tena walimu hawapimi alama tu. Kazi yao ni kulinda mlango. Mwanafunzi mwenye alama nzuri, lakini ambaye hakubali kuonywa, au huwadharau watu, au hutoa siri, aweza kutakiwa kujirekebisha, na asiporekebika huondolewa. Na akiisha kupata shahada, bado kuna mtihani wa leseni, na saa nyingi za kazi chini ya msimamizi; katika majimbo mengi zafika kama 3,000. Basi, safari hii ni ndefu. Anayedhani atakuwa mshauri kwa miezi sita, na aambiwe mapema.

5. Siri, mipaka, na imani

Mshauri hufunzwa kutunza siri, walakini siri yake ina mipaka, naye humweleza mtu mipaka hiyo siku ya kwanza. Mtu akiwa katika hatari ya kujiua, au ya kumdhuru mwingine, au ikijulikana ya kuwa mtoto anateswa, mshauri hawezi kukaa kimya. Mwaka 1976 mahakama kuu ya California ilihukumu habari ya mwanafunzi mmoja aliyemwambia mtaalamu wake ya kwamba anakusudia kumwua msichana, wala msichana hakuonywa, akauawa. Mahakama ikasema ya kwamba mtaalamu ana wajibu wa kumlinda yule aliye hatarini. Hukumu hiyo ilibadilisha mafundisho ya kazi hii.

Liko na jambo lingine ambalo Mkristo hana budi kulifikiri kabla ya kulipa ada. Kanuni za washauri wa Marekani, zilizotolewa mwaka 2014, zinamkataza mshauri kumsukumia mtu imani na maoni yake mwenyewe. Wala haruhusiwi kumwelekeza mtu kwa mshauri mwingine kwa sababu tu mwenendo wa mtu huyo haupatani na imani yake. Watakuja kwake Waislamu, wasioamini, na wenye maisha asiyoyakubali. Naye atawasikiliza wote kwa heshima, pasipo kuwahubiri.

Je! huku ni kumkana Bwana? Sisi twasema, si lazima. Rafiki za Ayubu walifanya vema siku saba walizoketi naye chini kimya. Walikosa walipoanza kumhukumu, naye Mungu akawakasirikia, kama isemavyo Ayubu 42:7. Na Bwana wetu, alipoitwa na yule kipofu njiani, alimwuliza kwanza anataka afanyiwe nini, ingawa upofu wake ulionekana na wote (Marko 10:51). Kumsikiliza mtu ni kumpenda. Lakini kijana ambaye moyo wake unawaka kuhubiri, na ambaye kunyamaza juu ya Injili kutamwia kama jiwe kifuani, huyo aende chuo cha Biblia au cha theolojia. Asiingie katika kazi moja akikusudia kwa siri kufanya nyingine. Huko ni kuwadanganya shule, na mwenye shida, na nafsi yake.

6. Faida yetu tusiokwenda

Wengi wetu hatutasoma shule hizo. Lakini watu wanatujia kila siku, jioni baada ya ibada, au njiani kutoka shambani. Luther aliandika ya kuwa mazungumzo na faraja ya ndugu kwa ndugu ni mojawapo ya njia ambazo Injili hutujia. Basi tujifunze mambo manne.

La kwanza, tusikie habari yote kabla ya kufungua Biblia. Neno lililo kweli, likitolewa kabla ya wakati wake, huonekana kama kufukuzwa.

La pili, tusiahidi siri tusiyoweza kuitunza. Maungamo mbele ya mchungaji yana kifungo chake kitakatifu. Lakini mwalimu akiambiwa na mtoto ya kwamba anapigwa au anaharibiwa nyumbani, asimwahidi kunyamaza. Amwambie kwa upole, "Jambo hili tutatafuta msaada pamoja."

La tatu, tujue mwisho wa uwezo wetu. Mtu anayesema anataka kufa asiachwe peke yake, wala asirudishwe nyumbani kwa maombi tu. Tuombe naye, tena tumpeleke hospitalini siku ile ile. Wala tusimwambie mgonjwa wa akili ya kwamba anaugua kwa sababu ya imani haba. Hatumwambii hivyo mwenye malaria. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Nasi tusiwe watu wa kumsaidia kuficha.

La nne, kila mwalimu awe na mtu wa kumwambia. Yethro alimwona Musa akiwasikiliza watu tangu asubuhi hata jioni, akamwambia ya kwamba atachoka, yeye na watu wake. Musa hakuchukizwa, alikubali kuonywa. Kama Musa alihitaji msimamizi, sisi ni nani?

Maswali ya kujadiliana katika mkutano wa walimu

1. Wagalatia 6:2 yatuagiza kuchukuliana mizigo, na 6:5 yasema kila mtu atauchukua wake. Maneno haya mawili yapatanaje katika kazi ya kumsaidia mwenye shida?
2. Kijana akituomba barua ya ushuhuda, nasi tunajua ya kwamba hatunzi siri, tufanyeje? Ni nani atakayemwambia, na kwa namna gani?
3. Mwalimu wa usharika wetu akichoka kwa mizigo ya watu, yuko nani wa kumsikiliza? Kama hayuko, tumweke nani?

Bwana, aliyezichunguza nyoyo zetu wala asitutupe, awape vijana wetu uvumilivu katika kujifunza, na atupe sisi barua zenye kweli, masikio yenye subira, na vinywa vinavyojua wakati wa kunyamaza. Amin.